Rangi ya Chakula Kutoka kwenye Mtama: Namna ya Kuitoa Isizame Chini ya Chupa

Kama umewahi kutia maji ya rozela kwenye maziwa au unga ukaona wekundu wake unageuka kijivu, mtama utakufaa. Nimefanya kazi na rangi za mimea mbalimbali, na kwa vyakula visivyo vichachu mtama ndio naouamini kuliko zote.

Nitaeleza sababu, maana ukiielewa hutahitaji kukariri vipimo vyangu. Wekundu wa rozela na zabibu unatokana na anthosiyanini. Rangi hizo hupenda uchachu mkali. pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hupanda uchachu unapopungua, ikipita 3 hivi, maji huanza kuivamia molekuli na rangi inapauka. Mtama una jamaa zake wa karibu, hasa apijeninidini, yenye rangi ya machungwa, na luteolinidini iliyo nyekundu zaidi. Hizi hazina kikundi cha haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana) kwenye kaboni ya tatu ya molekuli, na pengo hilo dogo linatosha kuzifanya zivumilie joto, mwanga, na hata salfaiti zinazotiwa kwenye vyakula vya kuhifadhiwa. Ila nyingi kati yake hazina sukari iliyoshikamana nazo, kwa hiyo haziyeyuki vizuri kwenye maji. Rangi ya mtama haikusumbui kwa kufifia. Inakusumbua kwa kuzama, na karibu kila hatua inayofuata ni ya kuizuia isizame.

Anza na mtama wenyewe. Mweupe uache, hauna kitu. Mweusi ndio bora, na rangi yake iko kwenye ganda la punje, kwa hiyo usisage punje nzima: koboa, uchukue pumba. Tafuna punje mbili tatu kwanza. Ulimi ukikauka na kukakamaa, mtama huo una tanini nyingi, yaani vile vitu vinavyokausha mdomo, nazo hushikana na protini na kuleta mashapo kwenye vinywaji vya maziwa. Chanzo cha pili ni ala za majani, yaani ile sehemu ya jani inayolizunguka bua. Afrika Magharibi kuna aina za mtama zinazolimwa kwa ajili ya ala hizo, na zina apijeninidini kwa wingi. Chukua za mmea uliokomaa, zilizokauka vizuri, zisizo na ukungu. Majani machanga na machipukizi usiyaguse: yana dhurini, ambayo hutoa sumu ya sianidi.

Kwa pumba, mimi hufanya hivi. Gramu 50 za pumba nazitia kwenye mililita 500 za maji yaliyochanganywa na gramu 5 za asidi ya sitriki. Ukiwa na pombe safi inayofaa kwa chakula, nusu ya maji iwe pombe. Inatoa rangi nyingi zaidi kwa mbali. Chombo kiwe cha glasi au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida hushikana na luteolinidini na rangi inakuwa chafu. Kiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto likae karibu nyuzi 60 kwa saa moja, ukikoroga mara kwa mara. Usizidishe joto. Wanga wa mtama huanza kuiva karibu na nyuzi 70, na ukifika hapo utakuwa umepika uji mwekundu usiochujika. Kama umetia pombe, usitumie moto wa wazi na dirisha liwe wazi. Chuja kwa kitambaa kizito, acha itulie kwenye friji usiku kucha, kisha mimina sehemu ya juu taratibu kwenye chupa safi; hiyo ndiyo rangi yako.

Ala za majani zinataka njia nyingine, nami naipenda kwa sababu unaona kila kitu kikitokea. Katakata gramu 20, zitie kwenye lita moja ya maji na kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea. (Magadi ya kuchimbwa siyatumii hapa, mara nyingi yana floridi.) Chemsha dakika 20 bila kufunika, ili kama kuna sianidi iliyobaki itoke na mvuke. Maji yatakuwa mekundu mazito yanayoelekea zambarau. Yachuje mapema, maana yakikaa na alikali, yaani hiyo soda, muda mrefu yanageuka kahawia. Sasa tia asidi ya sitriki kidogo kidogo. Povu litapanda, na pale asidi inapoangukia utaona zambarau inakimbia na rangi ya machungwa inaenea kutoka hapo mpaka pembeni. Ukifika pH 4, simama. Baada ya saa kadhaa chembe laini zitaanza kushuka chini. Hizo usizimwage, ndiyo rangi yenyewe. Mwaga maji ya juu, ubaki na ujiuji mzito.

Ujiuji huo unaingia moja kwa moja kwenye donge la unga, krimu au kitu chochote kizito, ambako hauna pa kuzama. Kwa kinywaji, uyeyushe kwanza kwenye pombe kidogo, kisha uuchanganye na maji yenye gundi ya mgunga, ile inayouzwa kwa matumizi ya chakula. Gundi huzishika chembe zisikusanyike. Anza na gramu 5 za gundi kwa lita, uongeze ukiona utando chini ya chupa baada ya siku mbili.

Kabla ya kutia kwenye chakula chote, jaza chupa tatu ndogo za chakula hicho hicho: moja dirishani, moja kabatini, moja uichemshe kisha uihifadhi. Ziangalie pamoja baada ya wiki, na uzishike dhidi ya karatasi nyeupe, kwani jicho hudanganywa na mwanga wa chumba. Usitarajie waridi wala nyekundu ya damu. Kwenye chakula kichachu utapata machungwa, na kadiri uchachu unavyopungua rangi inaelekea nyekundu iliyotulia.

Kwa matumizi ya nyumbani igandishe kwenye vibakuli vidogo vya barafu. Ukitaka kuuza, ulizia kwanza mamlaka ya chakula ya nchi yako kama rangi hii imeruhusiwa na iandikwe vipi kwenye lebo.