Namna ya kuandaa njia ya vyura na vikopo vya GPS msituni Tabora

Nilikuwa namsaidia mwalimu mmoja wa sekondari hapa Tabora. Alitaka klabu yake ya mazingira icheze jiokashi: unaficha kopo msituni, unatoa namba za mahali lilipo, wenzako wanalisaka kwa simu. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, siku chache baada ya serikali ya huko kuacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Mwalimu alikuja na mwongozo wa hukohuko, wa njia ya salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia.

Salamanda hatuna. Kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja. Mnyama mwenye mkia utakayemkuta chini ya gogo huku ni mjusi, na mjusi ana magamba, wakati salamanda ana ngozi tupu yenye unyevunyevu. Salamanda wamejaa zaidi kwenye milima ya Appalachian, huko Marekani, na wengi wa huko hawana mapafu kabisa, wanapumua kwa ngozi. Ndugu zao waliopo kwetu ni vyura, na vyura Tabora wapo wa kumwaga. Kwa hiyo tukaipanga upya njia nzima.

1. Kibali

Msitu wa kijiji: serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Msitu wa hifadhi wa serikali: TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Hifadhi ya taifa: sahau habari ya vikopo. Barua iwe na mhuri wa shule.

2. Vituo

Mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili, basi vituo vichaguliwe ndani ya miezi hiyo, jioni jua likizama, kwa masikio. Ukienda Agosti utachagua mahali pazuri pa kupigia picha na hakuna chura.

Vituo vinne au vitano vinatosha, mradi kila kimoja kiwe makazi tofauti: lambo la ng'ombe, ukingo wa mbuga (bonde la nyasi linalotuama maji masika), majaruba ya mpunga, kichuguu cha zamani, na kipande cha miombo chenye majani makavu mengi chini. Kwenye nyasi za mbuga sikilizeni kasina, chura wa milia anayetembea badala ya kuruka. Mlio wake ni kama tone zito likidondoka mtungini. Kwenye udongo laini ukingoni mwa lambo kuna yule mwenye pua iliyochongoka anayechimba kwa kutanguliza kichwa. Mkitaka kuiandikisha njia yenu kwenye mtandao wa kimataifa wa mchezo huu, kopo na kopo viachane angalau mita 161.

3. Kopo na mahali pa kuliweka

Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, penseli. Kalamu ya wino haifai kwenye unyevu. Nje andika jina la shule na maneno "MCHEZO WA WANAFUNZI, SI HATARI". Usiweke pipi wala karanga, nyani watalifungua kabla yenu.

Mwongozo wa Wamarekani ulishauri kuficha karibu na magogo yaliyooza. Mimi nakataa kabisa. Chini ya gogo lenye unyevu ndiyo nyumba yenyewe ya wanyama, na kila mtafutaji atalipindua. Kituo kiwe kwenye makazi, lakini kopo likae pakavu hatua ishirini au thelathini kutoka hapo, limefungwa kwa kamba kwenye shina, usawa wa kiuno, mahali linapoonekana ukikaribia. Tusimfundishe mtoto kuingiza mkono kwenye tundu: nyoka nao wanapenda matundu. Na kabla ya kuchagua mti tazama juu. Huu ni mkoa wa asali, kama kuna mzinga nenda mti mwingine.

4. Namba za GPS

Hapa ndipo mwalimu alipokwama jioni nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza, chanzo. Yeye alisoma namba kutoka ramani ya zamani ya 1:50,000 iliyobandikwa ukutani. Ramani zile zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ile ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utapelekwa kaskazini ya mahali penyewe kwa mita 250 hadi 300. Hutagundua kwa haraka, maana unafika msituni kweli, miti ipo, kichuguu kipo, ila kopo hakuna. Usihangaike kubadilisha mfumo kwa hesabu. Nenda ulipo mti, pima upya kwa simu, na ramani ya ukutani ibaki ya kuonyesha vijiji.

Pili, namna ya kuandika. Jiokashi hutumia nyuzi na dakika zenye desimali, programu nyingi za simu huonyesha nyuzi zenye desimali. Zinafanana mno kwa macho. S 5° 02.500' si sawa na 5.02500. Ya kwanza, ukiigeuza, ni 5.04167, na tofauti yake ni dakika nzima, yaani kilomita 1.85. Ugawe dakika kwa 60, kisha ujumlishe kwenye nyuzi. Chagueni mtindo mmoja, kila karatasi iufuate.

Tatu, alama ya kutoa. Sisi tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo ni -5.04167. Ukiisahau, simu itakuonyesha Sudan Kusini. Angalau kosa hilo linajionyesha lenyewe.

Nne, subira. Chini ya miombo yenye majani mabichi mawimbi hugonga matawi na namba hucheza. Simama dakika tano kabla ya kusoma, soma mara tatu, rudi siku nyingine usome tena, chukua wastani. Kisha mpe namba mtu ambaye hakuwepo, afike bila kuelekezwa. Asipofika, namba ni mbovu hata kama wewe unafika. Kwa kazi hii napendekeza OsmAnd au Organic Maps, ramani unaipakua mjini na msituni huhitaji bando. Kubandika pini kwa kidole kwenye picha ya setilaiti sikubali.

5. Swali la kituo

Kila kituo kiwe na swali moja tu, linalojibika kwa kusikiliza au kutazama. Wanafunzi warekodi mlio kwa simu. Picha ya chura usiku hutoka giza au ukungu. Usiku waende na mwalimu.

6. Usafi

Vyura hawashikwi, hasa na mikono yenye dawa ya mbu: ngozi yao hunyonya. Viatu visuguliwe tope na kukauka kabisa juani kabla ya kwenda lambo jingine, kwa sababu kuvu ya chitridi, inayoua vyura, husafiri na maji na tope. Chura wa Kihansi, yule anayezaa badala ya kutaga, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Maji ya maporomoko yake yalikuwa yamechepushwa kwenda kuzalisha umeme, na kuvu hiyo ilikutwa pale.

7. Kuondoa

Mwisho wa Mei vikopo vyote vitoke na vihesabiwe. Kuanzia Juni nyasi zinakauka, moto wa msituni unapita, na plastiki iliyoyeyuka kwenye shina la mninga haibanduki.