Kabla pesa haijatoka: mambo ya kuzingatia ukinunua au kuuza nyumba

Watu wengi wakishaipenda nyumba akili yote inahamia kwenye bei, watavutana na muuzaji wiki nzima ashushe kidogo, ikishashuka wanatoa arbuni jioni ileile kwa sababu dalali kasema kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi. Huyo wa kesho asubuhi mwache aje. Kabla hujalipa kila mtu anapokea simu yako, muuzaji anakufungulia mpaka stoo, dalali anakuletea makaratasi mlangoni, ila ukishalipa wewe ndo unaanza kuwatafuta. Kwa hiyo yote nitakayoandika hapa yafanye wakati pesa bado iko mkononi mwako, na kama wewe ndo unauza basi ya kwako yafanye kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba nyumba ipo sokoni.

Anza na hati. Najua raha iko kwenye kuzunguka vyumbani na kupanga kochi litakaa wapi lakini ukishaipenda nyumba macho yanafumba, bora hati uipitie ukiwa bado hujapenda sana. Fotokopi aliyokupa muuzaji sio ushahidi wa kitu chochote, nenda mwenyewe au mtume wakili wako kwenye ofisi inayosajili ardhi, mfanye upekuzi kwenye daftari lao, muone jina lililoandikwa pale ni la nani, namba ya kiwanja ni ipi, ukubwa ni upi, na muhimu kuliko vyote kama kuna rehani ya benki, zuio la mahakama au mtu mwingine aliyeandikisha madai yake. Halafu linganisha lile jina na kitambulisho cha huyo anayekuuzia, herufi kwa herufi. Kama hati ina majina mawili na mbele yako kakaa mtu mmoja, huyo wa pili yuko wapi? Kama mwenye jina kafariki, anayeuza awe na karatasi ya mahakama inayomtambua kuwa ni msimamizi wa mirathi, kuwa mtoto mkubwa peke yake haitoshi, na ulizia warithi wengine wanasemaje maana mmoja akija kukataa baadaye kesi inaweza kula miaka. Anayeuza kwa niaba ya mtu aliye mbali akuonyeshe hati ya uwakilishi, na wewe ongea na mwenye mali kwa video uone sura yake, muulize kama kweli anauza na kwa bei gani. Mwenza wa ndoa wa muuzaji naye asaini kama sheria ya mahali hapo inataka, na hata pale isipotaka mimi bado ningependa kusikia kauli yake.

Mipaka mwite mpima ardhi aipime, usikubali kuonyeshwa kwa kidole kwamba kiwanja kinaishia pale kwenye ule mti. Ukuta wa uzio unaweza kuwa umeingia kwa jirani mita moja na hakuna aliyesema kitu kwa miaka kumi, ila siku mwenye nyumba akibadilika jirani ndo anakumbuka. Na kama kuna chumba kimeongezwa nyuma au ghorofa limepandishwa juu, omba uonyeshwe kibali cha ujenzi wake.

Sasa twende ndani. Tuliwahi kwenda mimi na dada yangu kuangalia nyumba, safi kabisa, madirisha makubwa, taili zinang'aa, lakini chumba kimoja kilikuwa na ukuta mmoja tu uliopakwa rangi mpya, kuta nyingine tatu rangi yake imefifia, na kabati kubwa limesukumwa mpaka limegusa ule ukuta mpya. Dada akaomba kabati livutwe kidogo. Nyuma yake plasta ilikuwa imevimba vimba kama malengelenge, ukipitisha kidole unadondoka unga mweupe. Ule unga ni chumvi, maji yanapita ndani ya ukuta, ama yanapanda kutoka ardhini au kuna paipu inavuja humo ndani, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na rangi yoyote utakayopaka itabanduka tena. Hatukugombana na mtu, tuliaga tukaondoka. Tangu siku hiyo nikiingia nyumba ya kununua nanusa kwanza, harufu ya uvundo chumbani au harufu kali ya rangi mbichi zote mbili naziulizia sababu.

Juu kwenye silingi bodi tafuta duara za kahawia, mara nyingi hayo ni maji yaliwahi kupita, na ukiweza panda na tochi uchungulie mbao za paa. Nyufa nazo zina lugha yake. Nyembamba kama unywele kwenye plasta ziko karibu kila nyumba, hizo zisikukoseshe usingizi, ila ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, upande mmoja mpana kuliko mwingine, au unaozidi milimita 5, huo muite injinia aseme msingi unakaaje kabla hujasema neno kuhusu bei. Fungua na kufunga kila mlango, unaogoma juu ya fremu pengine nyumba imeshuka upande. Weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi.

Maji ndo sehemu ambayo nakaa muda mrefu. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja halafu vuta maji ya choo, uone presha inabaki au inakata. Kisha funga mabomba yote, hakikisha hamna tanki linalojaa wala mashine inayofua, nenda kwenye mita ya maji ukae pale nusu saa. Kwenye mita nyingi kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita hata kama ni kidogo sana. Kama nyumba nzima imefungwa na kile kigurudumu bado kinajisogeza taratibu, kuna sehemu inavuja na huijui, inaweza kuwa chini ya sakafu. Nusu saa tu hiyo na haina gharama, halafu watu wanairuka! Umeme usiujaribu mwenyewe, lete fundi mwenye leseni afungue swichi bodi, wewe angalia tu soketi zenye alama ya kuungua au zinazopata moto.

Nyumba za zamani zina mambo mawili ya ziada. Ya kwanza ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika sana kwenye mabati yale magumu ya kijivu, dari na mabomba, Uingereza waliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, kwa hiyo zilizojengwa kabla ya hapo nyingi bado zinayo. Ikiwa nzima na imetulia hatari ni ndogo, hatari ni kuikata, kuitoboa au kuivunja, vumbi lake likiingia mapafuni ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo kama unawaza kubomoa bomoa ukishahamia, pima kwanza na weka gharama ya kuitoa kwenye hesabu yako. Nyingine ni rangi yenye madini ya risasi, Marekani waliizuia kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, na inayobanduka ndo mbaya hasa kwa watoto wadogo wanaotia vitu mdomoni.

Halafu rudi tena, usiende mara moja. Nenda asubuhi ya siku ya kazi usikie barabara, nenda usiku usikie majirani, na kama kuna njia yoyote nenda mvua inanyesha, simama pale mlangoni uangalie maji yanaelekea wapi. Majirani waulize mafuriko, wizi na maji kukatika, watu huwa wakweli sana wakiulizwa kwa heshima.

Kuhusu pesa, bei ya nyumba sio pesa unayotakiwa kuwa nayo. Kuna wakili, mpima, mthamini, ushuru wa kuhamisha umiliki, bima, kuhama na yale matengenezo ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo ukimaliza akiba yote kwenye bei utaingia nyumba mpya huna hata ya kurekebisha bomba. Ukiwa unakopa piga hesabu mpaka mwisho wa mkopo: ukichukua 100 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ukalipa kila mwezi kiasi kilekile kwa miaka 30, utakuwa umerudisha kama 216, kwa miaka 15 ni kama 152. Uliza riba ni ya kudumu au inapanda na kushuka. Na ujue benki hukopesha kwa thamani aliyoandika mthamini wao, mkikubaliana bei iliyozidi hapo tofauti unaitoa wewe mfukoni.

Mkataba usome wote. Arbuni ikae kwa wakili au akaunti ya mtu wa kati na sio mfukoni kwa muuzaji, iandikwe kabisa inarudi lini, kwa mfano benki ikikunyima mkopo au upekuzi ukikuta rehani. Iandikwe vinavyobaki, tanki, taa, jiko, makabati, na tarehe ya funguo, na kama kuna mpangaji nani atamtoa na kwa tarehe gani. Kuna wizi mwingine unaumiza sana, matapeli wanaingia kwenye imeili ya wakili au dalali, wanasubiri mpaka siku ya malipo, wanakutumia namba ya akaunti "mpya". Ukiona akaunti imebadilika usilipe, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, sio iliyoandikwa kwenye hiyo imeili.

Wewe unayeuza, kusanya makaratasi kabla ya kutangaza, na kama una mkopo uliza benki deni limebaki kiasi gani na kulipa mapema kuna faini gani, maana kuna watu wameuza ndo wakajua kinachobaki hakitoshi kununua kwingine. Bei ipange kwa nyumba za aina yako zilizouzwa kweli karibuni, zile bei za matangazo ni matumaini ya wenye nyumba. Ukianza juu sana inakaa miezi na watu wanaanza kuhisi ina tatizo. Rekebisha yanayovuja na yanayogoma, safisha, ongeza mwanga, jiko jipya la gharama acha mnunuzi aweke analolitaka. Ubovu unaoujua useme, ukificha ukaja kugundulika unaweza kushtakiwa, na mwenzio atalala humo na wanae. Picha ya hati usiisambaze kwenye magrupu, matapeli wanaitumia kuuza nyumba yako kwa watu wengine. Watu wakija kuangalia, dhahabu, dawa na vyeti viwe vimefungiwa, na hati halisi usiikabidhi mpaka wakili wako athibitishe kwamba pesa yote imeingia, meseji ya benki aliyokuonyesha mnunuzi kwenye simu yake haitoshi. Na mkataba wa dalali uwe na kikomo, asilimia ngapi, nani analipa, na unaisha lini.

Siku ya funguo pitieni nyumba pamoja, pigeni picha mita ya maji na ya umeme wote mkiwepo, chukua risiti zinazoonyesha bili na kodi za nyuma zimelipwa, na jioni hiyohiyo mlete fundi abadilishe vitasa vyote vya nje.