Kushika beti zote tatu za wimbo wa taifa wa Kenya

Ubeti wa kwanza karibu kila mtu huuimba kwa sauti kuu. Wa pili sauti hupungua, na wa tatu wengi hubaki wakichezesha midomo tu. Chanzo ni namna ya kukariri: kila ukijifunza unaanzia juu, kwa hiyo "Ee Mungu nguvu yetu" huirudia kila mara, na ubeti wa tatu huufikia ukiwa umechoka. Tena lahani, yaani tuni, ni ile ile katika beti zote, haikwambii uko wapi.

Chukua maneno sahihi katika Jedwali la Pili la Katiba ya 2010. Yanakili kwa mkono: beti 3, kila ubeti mishororo 6, yaani tasdisa kamili.

Kisha shika vichwa vya beti: Mungu, ndugu, taifa. Wa kwanza ni sala, wa pili ni mwito ("Amkeni ndugu zetu"), wa tatu ni kazi ("Natujenge taifa letu"). Ukiujua mpangilio huo, hutaruka ubeti.

Sasa kariri kinyumenyume. Anza na ubeti wa tatu peke yake hadi uuimbe bila karatasi, kisha unganisha wa pili na wa tatu, mwisho uimbe wote. Hivyo kila unavyosonga mbele unaelekea mahali unapopajua zaidi.

Wengi hukwama kwenye mshororo wa nne, katikati ya ubeti. Kariri mianzo yake kando: "Natukae", "Nchi yetu", "Tuungane". Angalia pia mitego miwili. "Natukae" ya ubeti wa kwanza huvutana na "Natujenge" ya wa tatu. Na neno "tuwe" limo katika mishororo miwili ya mwisho: "Tuwe tayari kuilinda" hufunga ubeti wa pili, "Kila siku tuwe na shukrani" hufunga wa tatu. Huu wa shukrani una mizani (silabi) 10, ilhali mishororo ya mwisho ya beti nyingine ina 9, ndiyo maana hukwaza ulimi. Useme taratibu mara kadhaa kabla ya kuuimba.

Lahani ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa jamii ya Wapokomo wa Kenya, kwa hiyo ni ya upole, lakini usiiburute, utaishiwa pumzi. "Nchi yetu ya Kenya, tunayoipenda" ni kauli moja: usiikate, vuta pumzi baada yake.

Anayeanzisha asishike sauti ya kwanza inayomjia. Avumishe ubeti mzima kimoyomoyo, atafute pale sauti inapopanda zaidi; pakimbana, ashushe kidogo. Akianza juu mno, wengi watanyamaza kabla ya mshororo wa sita.

Kujipima, mwambie mwenzako akutajie mshororo wowote, tuseme "Tuungane mikono", nawe uendelee hapo hapo bila kurudi mwanzo.