Jinsi ya kuandaa midsommar, kuanzia sill mpaka nguzo

Wadau, kuna mtu kaniuliza midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi ya hapa Sweden, inaandaliwaje maana kaalikwa na wakwe na hajui pa kuanzia, basi twende, mi nishafanya miaka kadhaa.

Kwanza tarehe. Tangu 1953 mkesha wake ni Ijumaa, kati ya 19 na 25 Juni, na shughuli yote ni huo mkesha, sio kesho yake. Pombe nunua mapema, duka la serikali linalouza pombe siku hiyo halifungui.

Jumatano, samaki. Sill (samaki aina ya heringi) wa chumvi unamloweka kwenye maji usiku kucha, usipofanya hivyo utakula chumvi tupu. Siki yake ni moja mbili tatu: kikombe 1 cha ättika, siki ya hapa, ile kali ya asilimia 12, 2 vya sukari, 3 vya maji. Chemsha sukari iyeyuke, acha ipoe KABISA, kisha mwagia juu ya samaki uliyemkata vipande na vitunguu maji na karoti, weka kwenye friji mpaka Ijumaa. Ndiyo, hapikwi. Ndiyo, ni mtamu wa sukari. Mara ya kwanza nilimeza kwa adabu tu, sasa hivi nagombania.

Ijumaa asubuhi, maua ya shada la kuvaa kichwani. Hapa ndo wengi tunakosea, mwaka wangu wa kwanza nilichuma vikonyo vifupi kama vya kuweka kwenye glasi, shada likaachia kabla hata hatujala. Acha kikonyo kama sentimita 12. Chukua kijitawi chembamba cha björk (mti wa birch), kizungushe kichwani upate saizi, funga. Halafu shika maua manne matano pamoja, laza juu ya tawi, zungushia uzi wa waya mara tatu bila kuukata, fungu linalofuata lifunike vikonyo vya lile la kwanza, yote yaelekee upande mmoja mpaka umalize duara. Prästkrage, yale meupe yenye kiini cha njano, yanavumilia sana. Orkidi za porini usiguse, zinalindwa na sheria. Na matawi ya björk usikate tu kwenye shamba la mtu, maua ya kawaida ruksa ila mti ulio hai lazima umwombe mwenye shamba.

Nguzo ni mti mrefu wenye mti mwingine wa kukatiza juu na duara mbili zinaning'inia huku na huku, yote inavikwa majani. Ivike ikiwa bado imelala chini jamani! Kuisimamisha ni kazi ya wanaume na wanawake wengi, na lazima kila mtu atoe maelekezo yake.

Baada ya hapo ni viazi vipya na dill (majani ya kiungo), stroberi na krimu, na kuruka kama chura kuizunguka nguzo, mikono masikioni. Wakwe wataruka, na wewe ruka.

Usiku wasiooa na wasioolewa wanachuma maua aina 7 kimyakimya, wanayaweka chini ya mto wa kulalia wamuote mchumba. Ukiongea imeharibika. Mi nilifika ua la sita, mbu akaning'ata shingoni nikamtukana kwa sauti, kwisha habari.