Namna ya kusoma CV ya admirali aliyeanzia kwenye ndege

Wakuu, sisi wa Dodoma maji mengi tunayoyaona ni ya Hombolo au Mtera, lakini madogo wa sekondari huku wanapenda mada za kijeshi balaa. Shida ni kwamba dogo akipewa presentesheni ya admirali (jenerali wa jeshi la majini) fulani wa Marekani anasimama anasoma orodha ya medali mpaka darasa linasinzia. Medali achana nazo. Kwenye CV ya rubani wa majini aliyefika juu tafuta kitu kimoja tu, ni lini alitoka kwenye ndege akakabidhiwa meli.

Anzia Pensacola, Florida, ndo wanapofundishiwa marubani wa majini tangu 1914. Andika mwaka aliomaliza chuo (wengi ni Annapolis, chuo cha maafisa wa majini wa Marekani, ila sio lazima) na mwaka aliopata mabawa yake, yaani beji ya urubani, halafu toa. Ikitoka miaka michache poa, songa mbele, ila ukikuta pengo kubwa jua hapo kuna stori. Mcheki Admirali William Halsey, kamaliza Annapolis 1904 na mabawa kayapata 1935 akiwa na miaka 52! Ni kwamba 1926 Marekani walipitisha sheria kuwa manowari ya kubeba ndege lazima iongozwe na mtu wa anga, rubani au mwangalizi (anayeruka bila kuendesha ndege), na mzee alikuwa anaitaka hiyo manowari. Angeweza kupita na kozi nyepesi ya mwangalizi, akakomaa na ya urubani kabisa, wakampa manowari inayoitwa Saratoga, na 1945 akavaa nyota tano, cheo cha juu kabisa.

Kwenye vyeo kuwa makini maana hapa ndo wengi wanachemka. Kepteni wa majini sio kapteni wa nyota tatu unayemjua wewe, huyo analingana na kanali wa nchi kavu, na luteni wa majini ndo analingana na kapteni wa nchi kavu. Usipolijua hili utasema jamaa kakaa kwenye cheo kidogo miaka yote kumbe alishakuwa bosi siku nyingi.

Miaka ya kuruka usiipite haraka haraka, hapa ndo utawaamsha darasa. Waambie ndege inashuka kwenye sitaha inayotembea, mkiani ina kulabu, kulabu inatakiwa inase waya uliotandazwa pale chini, na ikinasa ndege inasimama ndani ya mita kama 100 hivi, yaani kiwanja cha mpira pale Jamhuri kinaisha na ndege imesimama. Sasa cha ajabu, rubani akigusa tu sitaha hapunguzi moto, anasukuma injini mpaka mwisho, kwa sababu kulabu ikikosa waya inabidi apae tena palepale la sivyo anaishia baharini. Na kila kutua kunapewa maksi, maksi zinabandikwa ukutani kwenye chumba cha marubani kila mtu anaziona, ukiboronga hakuna pa kujificha.

Baada ya hapo tafuta meli. Kwa maadmirali wa siku hizi njia inajulikana, anaongoza kikosi cha ndege, kisha wengine wanapewa ndege zote za manowari moja, wengine wanapelekwa darasani upya kusomea mitambo ya nyuklia maana manowari zao za kubeba ndege zinaendeshwa na hiyo, halafu anakuwa msaidizi wa kamanda, anapewa kwanza meli nyingine kubwa aizoee, ndo akabidhiwe yenyewe. Fikiria mtu wa miaka arobaini na kitu, rubani mzoefu, anarudi kukalia dawati na fizikia. Kwangu mimi hiyo ni habari kuliko medali zote.

Jaribu na Admirali Thomas Moorer. Kazaliwa Alabama 1912, Annapolis kamaliza 1933, mabawa 1936. Tarehe 19 Februari 1942 Wajapani walimtungua karibu na Darwin, Australia, akiwa na Catalina, zile ndege za doria zinazotua majini, akaokotwa na meli ya mizigo Florence D., na hiyo meli nayo ikapigwa mabomu siku hiyohiyo ikazama, jamaa akatoka mzima. Madogo wote watakomea hapo kwa sababu ni tamu. We endelea mpaka 1956, utakuta kamstari kamoja kwamba aliongoza Salisbury Sound, meli ya kuhudumia ndege za majini. Hako ndo kenyewe. Kutoka hapo hesabu inaenda mbio, 1962 Fliti ya Saba (fliti ni kundi kubwa la meli za kivita), kisha Fliti ya Pasifiki, kisha ya Atlantiki (hakuna aliyewahi kuziongoza zote mbili kabla yake), 1967 mkuu wa jeshi la majini, na 1970 mpaka 1974 mwenyekiti wa wakuu wote wa majeshi ya Marekani.

Mwisho jiandae na swali, maana lazima kuna mtu wa nyuma atauliza mbona kwetu hatusikii rubani kawa admirali. Mjibu kwamba JWTZ haina manowari za kubeba ndege, na Kamandi ya Anga na Kamandi ya Majini ni vitu viwili tofauti, kwahiyo rubani wetu akipanda vyeo anaelekea kwenye ujenerali.