Mtoto Akimwagikiwa na Uji au Chai ya Moto

Mtoto anayejifunza kutembea huungua kwa urahisi pale jiko la mkaa linapowekwa sakafuni, kwa kuwa mpini wa sufuria huwa sawasawa na mkono wake. Uji ni mbaya kuliko maji, maana hunata kwenye ngozi na huchelewa kupoa.

Mvue upesi nguo zilizolowa, nepi, bangili na shanga za kiunoni kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe, bali ikatwe kuizunguka. Kisha miminia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika 20, kwa bomba au kwa kopo na ndoo. Dakika hizo huonekana ndefu mno mtoto anapolia, lakini hakuna tiba ya nyumbani inayozishinda, na maji husaidia hata kama saa 2 au 3 zimeshapita. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi.

Jirani atakayeleta dawa ya meno, ute wa yai au unga akataliwe kwa heshima, kwa sababu vitu hivyo huingiza vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvisugua ili aone kina cha jeraha. Malengelenge yasitumbuliwe. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, na umpe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake.

Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Jeraha linalofikia viganja 10 huhitaji kulazwa na kuongezewa maji kwa mshipa. Mtoto mchanga, au aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au viungo, apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo. Ngozi iliyogeuka nyeupe na isiyouma isiwatulize wazazi: haiumi kwa kuwa mishipa ya fahamu imeungua pia.

Hospitalini ulizia chanjo ya pepopunda. Baadaye homa, usaha au harufu mbaya ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo. Kiwiko au goti lililoungua linyooshwe kila siku kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakavyoelekeza, hata baada ya kidonda kufunga, kwa sababu kovu huendelea kujivuta kwa miezi mingi na linaweza kukiacha kiungo kimejikunja.