Amsterdam majira ya kuchipua

Maua ya tulipu hupendeza zaidi katikati ya Aprili. Kama hupendi msongamano, epuka Aprili 27, Siku ya Mfalme, sikukuu ya taifa. Tiketi za Nyumba ya Anne Frank, makumbusho alipojificha msichana Myahudi aliyeandika shajara wakati wa Wanazi, hutolewa mtandaoni kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele. Ukienda mlangoni bila tiketi, utarudi patupu.

Kwenye treni au tramu, gusisha kadi ya benki kwenye mashine unapopanda na unaposhuka. Ukisahau ya pili, utakatwa zaidi. Njia yenye lami nyekundu ni ya baiskeli, kwa hiyo usisimame hapo kupiga picha.

Mifereji itembelee kwa miguu, asubuhi. Fika pale mfereji wa Herengracht unapokutana na wa Reguliersgracht: madaraja saba yamejipanga mstari mmoja, na usiku taa hufuata matao yake. Rudi tena jioni, inafaa kabisa.